Jina la Baba Lina Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi
Ruhusa ya nusu siku imeenda bure! Ofisi ya kumbukumbu nimefika mapema, nikakaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, halafu karani kaniletea kumbukumbu za mtu siye. Jina la baba, lipo. Jina la babu, lipo. Kazi ya babu, fundi uashi, ipo. Ila huyu kazaliwa mji mwingine kabisa, na kamzidi baba miaka kumi na mmoja. Nikamwambia karani mmekosea. Kasema wao huandika walichoambiwa. Basi aliyewaambia alikuwa amelewa, nikasema. Kacheka. Mimi sikucheka.

Ninachotaka ni kitu kimoja tu: babu alitoka wapi? Wenzangu wana kwao. Sisi ukoo wetu unaanzia kwa mwanamume aliyeshuka kwenye lori na mwiko wa kujengea mkononi. Nyuma ya hapo, giza.

Jumamosi, 9 Machi
Kwa shangazi. Dada yake baba huyu anajua habari za mtaa mzima — nani kaachwa, nani kaoa kwa siri. Nikigusa habari za baba yake mzazi, ghafla anakumbuka ana sufuria jikoni. Leo nimemfuata hukohuko jikoni. Kasema babu alikuwa yatima, hana mbele wala nyuma, aniambie mara ngapi? Hata binamu? Hana! Kisha kanigeuzia kibao: nitafute mume, niachane na kutafuta wafu.

Haya. Nimemwoshea vyombo, nikaondoka zangu.

Jumatano, 13 Machi
Baba kanikuta nimetandaza chati yangu sakafuni sebuleni, gundi huku, kalamu za rangi kule. Kairuka kama anaruka dimbwi. Nikamuuliza kwa upole: babu hakuwahi kutaja hata jina la mji? Hakuwahi. Hata alipokuwa anaumwa? Hata alipokuwa anaumwa. Alikuwa hasemi chochote, na wao hawakumuuliza.

Halafu hotuba ileile. Yeye ndiye kifungua mimba, yeye ndiye aliyepewa jina la babu yake, ukoo ndio huo, umesimama mbele yangu, nataka nini tena? Nimekunja karatasi zangu kwa hasira.

Alhamisi, 14 Machi
Daktari wa meno, bosi wangu, kanifuma natoa kopi za chati kwenye mashine ya kliniki. Kauliza, hawa wote ni wagonjwa wetu? Wengi ni marehemu, daktari. Basi wasinimalizie wino, kasema.

Jumanne, 19 Machi
Karani kapiga simu. Yule mtu siye — yu hai! Mwaka jana alifika pale ofisini kwa miguu yake, anamtafuta baba yake, fundi uashi, aliyetoka nyumbani kwenda kujenga mji mwingine na hakurudi. Kaacha namba, kaomba yeyote atakayemuulizia fundi huyo apewe.

Nimebaki na simu mkononi mpaka mgonjwa mwenye jipu la fizi akagonga kioo cha mapokezi. Mjinga mimi! Nilishamkata kwa kalamu nyekundu. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba yake baba, na kifungua mimba ni mmoja, au siyo? Kumbe babu alikuwa nao wawili. Kaacha mmoja kule, kaja kuzaa mwingine huku, kampa jina lilelile, kanyamaza. Namkasirikia babu kweli kweli. Na amekwishakufa, sina hata wa kumfokea.

Ijumaa, 22 Machi
Nimepiga. Sauti ya mzee, nzito, haina haraka. Nikajieleza, mimi mjukuu wa fundi, mtoto wa fulani — nikataja jina la baba. Kasema: hilo jina ni langu, mwanangu. Nikasema ndiyo, baba mkubwa. Limetoka lenyewe. Kalia. Nami nikalia, kazini, mbele za watu.

Nikamwambia fundi ameshafariki. Kauliza kama baba yake alikufa kwa mateso. Hapana, alikufa usingizini. Kasema mama yake hakuolewa tena. Mpaka anazikwa, ukimuuliza mumewe yuko wapi, jibu ni yuko kazini. Halafu kaniuliza: aliwahi kututaja?

Nimeshindwa. Nikasema baba ndiye anayejua, Jumapili nitampa simu. Mwoga mkubwa mimi!

Jumamosi, 23 Machi
Nimemwambia baba yote, pamoja na lile swali. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kauliza tu, kanizidi miaka mingapi? Kumi na mmoja. Kaingia kuoga, kakaa humo mpaka tangi likaisha maji.

Nikampigia shangazi. Alijua! Bibi, mama yao, alimwambia zamani, naye shangazi kaapa hatasema. Sasa ananilaumu mimi, eti namuua kaka yake. Nimemkatia simu. Sijawahi kumkatia shangazi simu tangu nizaliwe.

Jumapili, 24 Machi
Simu imelia tukiwa kwenye chai. Nimeiweka spika. Haloo huku, haloo kule, watu wawili jina moja. Baba mkubwa hakuzunguka. Mdogo wangu, kasema, baba aliwahi kututaja?

Baba kaniangalia. Baba huyu asiyejua kusema uongo, anayekwenda kuwajulia hali wagonjwa akawaambia usoni kwamba wamekonda! Kajikohoza. Kaka, kasema, jioni ilikuwa haipiti bila kuwataja.

Nimeganda na kikombe. Kule nikasikia mzee anapenga kamasi. Anakuja. Ijumaa, kwa basi la asubuhi. Anataka akae asimuliwe yote — baba yao alisema nini, na alikuwa akimtaja vipi mama yake yeye.

Sasa hivi naandika, baba kavuta kiti mezani kwangu. Kavaa miwani. Chati ile aliyoiruka kaikunjua mwenyewe, anaifuata kwa kidole. Mama yao wa kule alikuwa akiitwa nani? Walikuwa wangapi? Nyumba yao ilikuwaje, alipanda nini uani? Nimemwambia sijui, baba, hayo sijafika.

"Basi tafuta, mama," kasema. "Nitamwambia nini kaka yangu?"