Kiti Chako Nimekiingiza Ndani

Mama,

Huku kwetu Kwanza, nje ya Kitale, mahindi yameanikwa kwenye maturubai kila boma, na jua ni kali. Nalichukia. Tangu tukurudishe nyumbani Sirisia kukuzika, sijakaa uani hata siku moja.

Unakumbuka vidole vyako vilipovimba ukashindwa hata kusonga ugali? Senge, dada yake Baba, alisema ni baridi ya Kitale imeingia mifupani, nami nikamwamini. Kila asubuhi nikakutolea kiti uani uote jua. Jua likihama, nakihamisha kiti. Nilijiona binti mwema sana. Na ule wekundu ulipotokea mashavuni ukavuka pua, majirani wakanong'ona ati unajichubua, nikacheka nao kidogo. Nisamehe hilo pia.

Siku moja ulisema, "Nirudishe ndani, hili jua linanimaliza."

Nikakujibu, "Vumilia, Mama. Si ni baridi inatoka."

Daktari wa Kitale alipotaja lupus, figo zako zilikuwa zimeshachoka. Alinieleza polepole kwamba askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na magonjwa, wamegeuka wanampiga mwenye nyumba. Kwa nini, hakuna anayejua yote. Huenda ni damu ya ukoo, huenda ni homoni, lakini ugonjwa huu si wa kurogwa wala hauambukizi. Dawa za kuwatuliza zipo, ingawa haziuondoi. Zinamezwa kila siku, na zikianzwa mapema mtu anaweza kuishi miaka mingi. Kisha akasema jua huuchochea. Sikusikia kingine. Nilikuwa nakiona kiti tu.

Nilimwuliza kama ni mimi niliyekuua. Akasema hapana, ugonjwa ulikuwa umefika mbali. Sijamwamini, Mama.

Sasa Nanjala, kitindamimba wako, ameanza kulalamika kuwa vidole vinamuuma. Senge amesema tena ni baridi. Safari hii nilimjibu vibaya mbele ya wageni, na sijaomba msamaha. Jumatatu nampeleka Kitale akapimwe damu na mkojo. Naogopa.

Lala, Mama. Kama huko kuna nafasi ya kunisamehe, nisamehe. Mimi mwenyewe nimeshindwa. Nanjala nitamnunulia kofia pana, na akisema jua linamuuma, nitamwamini siku hiyo hiyo.

Kiti chako nimekiingiza ndani. Hakuna anayekikalia.

Binti yako,
Nekesa