Daftari la Kuku Mashahidi

Papa Zaina,

Neno «mpendwa» halipo hapo juu, na si kwamba nimelisahau. Miaka yangu minne ya shule ilinitosha kujua namna barua inavyoanza. Neno hilo nimewawekea watu waliobaki nasi. Wala bahasha sikuibandika. Barua yako ilinifikia ikiwa imekwisha kusomwa na karani wa masua, ile meli ya mtoni, na muuza chumvi wa bandarini, na mama mmoja wa Isangi ambaye hata simjui, akanipa pole. Bon. Acha na yangu isomwe njia nzima, toka hapa Kisangani mpaka huko kwenye mji mkuu.

Miaka mitatu bila neno, halafu mistari mitano. Wa kwanza unasema unatumaini tuko wazima. Minne iliyobaki ni ya daftari: lile la kuku, lenye jalada la bluu, nilifunge vizuri lisilowe, nimpe karani wa masua, juu ya kwamba wakubwa wa huko wanataka kukupa ofisi nawe umewaambia una utafiti wako wa kuku wa nyama. Utafiti wako. Nilimsomea Zaina maneno hayo mara mbili, akacheka mpaka akaketi chini. Zaina ni mwanao, kama umesahau. Jina lake halimo katika mistari mitano.

Nakumbuka koti lako jeupe la Yangambi, kwenye kituo cha utafiti cha wazungu. Nililifua mimi, nikalipiga pasi ya makaa mimi, kwa hiyo nalijua kuliko unavyolijua. Kazi yako ilikuwa kufagia mavi ya kuku na kushika mizani wakati mzungu anaandika. Si kazi mbaya. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, akala kwa jasho lake, sikuona haya hata siku moja. Lakini wewe ulikuwa ukirudi nyumbani unatembea kama mtu aliyetaga yale mayai mwenyewe.

Sitasema uongo, kulikuwa na asubuhi moja nzuri. Vifaranga weupe waliletwa kwa ndege toka Ulaya, ndani ya masanduku yenye matundu, na wewe uliniita nije kuona. Ulinitilia mmoja kiganjani ukasema, «Sikia roho yake inavyopiga, Mama Zaina.» Nilisikia. Siku hiyo nilikupenda sana. Ulikuwa umesahau kujivuna kwa muda wa kama dakika kumi, na nadhani hukurudia tena.

Kisha ukaja uhuru, na mzungu akapanda masua na mke wake na mbwa wao. Alikuachia ufunguo wa banda, mizani na daftari, pamoja na kazi iliyobaki. Kuku wa chumba cha kwanza wapewe mahindi, mashudu na unga wa samaki, na juu yake mawese mekundu na majani makavu yaliyosagwa. Wa chumba cha pili wapewe chakula kile kile bila mawese, bila majani. Wapimwe uzito kila wiki, halafu ionekane ni wepi watakaosimama ugonjwa wa kuhara damu utakapoingia. Hiyo tu. Wewe toka siku ile ukataka tukuite directeur, mkurugenzi. Tonton Ramazani, mdogo wa baba yangu, alikuuliza mbele ya wageni, «Directeur ya nani?»

«Ya kuku, tonton.»

«Na kuku banakubali?»

Hukumsalimu wiki nzima.

Na mimi nilikuuliza kitu kimoja tu. Nilisema, hawa wa chumba cha pili, mbona hawapewi mawese? Ukajibu, «Hawa ni témoin.» Nikauliza témoin ni nini. «Ni shahidi.» Shahidi wa nini, nikasema, kuku wanaoa? Ulinitazama toka kichwa mpaka miguu, ukasema, «Utafiti haiko kitu ya wanawake ya soko. Hutaelewa.» Ukafunga mlango. Tonton Ramazani alikuwa amekaa pale nje, akasema kwa sauti yake ya taratibu, «Bakikufa na njaa, basi batakuwa mashahidi kweli.»

Donc, basi, nikafanya kama tulivyolelewa. Kwetu shahidi ni mtu wa heshima. Siku ya ndoa yetu mashahidi wawili ndio waliokula kwanza, walipewa mapaja, na wewe bwana harusi ulingoja shingo. Nitawaachaje mashahidi wakae na chakula cha chini? Ulikuwa ukilala mchana baada ya kula, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari. Nikawa nawapelekea mawese yaliyobaki kwenye sufuria, na pondu ya majani ya muhogo, na kumbikumbi msimu wake ulipofika. Walinijua. Walinikimbilia mlangoni kama watoto wanaomwona mama ametoka sokoni.

Siku ya kupima, wa chumba cha pili waliwapita wa chumba cha kwanza. Ulipima tena, ukapiga mizani teke. Nikasema ukweli palepale, juu mimi si mwoga: «Niliwalisha mimi.» Mtu mwenye akili angecheka, angenieleza vizuri, angeanza upya na vifaranga wengine. Wewe ulimwita Zaina, miaka kumi na minne, juu mwandiko wake ulikuwa mzuri na wako ni kama kuku mwenyewe ameshika kalamu. Ukamsomea namba za kuandika. Namba zilizotoka kichwani mwako, siyo kwenye mizani.

Mtoto aliandika, kwa sababu baba amesema. Lakini jioni hiyo hiyo aligeuza daftari kichwa chini, akaanza upande wa nyuma na namba za kweli, na chini yake akaandika: «Mama aliwalisha mashahidi.» Nilipoona nikamwuliza mbona ananiweka mimi kwenye vitabu. Akasema, «Juu ni wewe uliwalisha, mama. Kama haiandikwe, kuku banaonekana bawongo.» Miaka kumi na minne. Nilimzaa mimi huyo, na sitachoka kulisema.

Uasi ulipofika, wewe ulifika kabla yake kwenye kivuko. Ulisema unashuka Basoko wiki mbili kutafuta mahindi ya kuku. Ulichukua koti jeupe na jogoo mkubwa kuliko wote. Nilikufungia chikwangue, mkate wetu wa muhogo, ya safari, mjinga mimi, nikaweka na pilipili unayoipenda.

Tulipanda mtumbwi toka Yangambi mpaka Kisangani, mimi na Zaina, kuku ndani ya vikapu, daftari limefungwa kiunoni mwake chini ya kikwembe alichojifunga. Tulikaa kwa tonton Ramazani, aliyekuwa ametutangulia kurudi kwake. Siku moja wanaume wenye bunduki waliingia uani wakauliza mwenye kuku yuko wapi. Nikawaambia mwenye kuku amekimbia, wamebaki kuku na wanawake. Mkubwa wao alicheka, akachukua wawili, akasema, «Mama, yule bwana yako hata sisi hatumutaki.» Nakupa salamu zake.

Na hapo, katikati ya risasi na soko tupu, mtoto wako ndipo alipofanya kazi uliyoshindwa. Kuku wetu walikuwa wameangua. Akagawa vifaranga kwa kutupa kokoto, asichague wazuri upande mmoja. Akaweka ukuta wa matete katikati, ndoo ya majivu mlangoni ya kukanyaga kabla ya kuingia, na viatu vya kila upande mbali. Mawese hayakukosekana, michikichi haikukimbia uasi. Kisha akanikalisha kwenye kiti kidogo, mimi mama yake, akanieleza kile ulichosema sitaelewa.

«Mama, shahidi anakula chakula ya kila siku ili aseme ukweli juu ya mwenzake. Ukimupa zaidi, umemuhonga.»

Papa Zaina, ni maneno yale tu. Alitumia muda mfupi kuliko ule uliotumia kunidharau. Nilielewa mara moja, na nikaona uzito wa kosa langu, na kila wale vifaranga wa upande wa pili walipokuwa wananikimbilia niliweka mikono nyuma, nikaondoka. Unajua mimi kunyima chakula ni kazi gani. Niliweza.

Mvua zikaja, na kuhara damu kukaingia mtaa mzima. Upande wa mashahidi walianguka wengi, mabawa chini, macho yamefumba. Upande wa mawese na majani waliugua nao, sitasema hawakuugua, lakini wengi walisimama tena na kula. Nilitaka kutangaza sokoni kwamba binti yangu amepata dawa. Akanikataza. «Haiko dawa, mama. Ni mwili umepata nguvu ya kupigana. Na ni majivu pia. Lazima nirudie.» Akarudia. Mara tatu amerudia, kila mara ameandika, upande wa nyuma wa daftari lako, mpaka kurasa zake zimefika karibu zikutane na zako za uongo katikati.

Sasa basi. Jumatatu Zaina anapanda masua kwenda Yangambi. Daktari wa wanyama aliyepita hapa aliona banda letu, akasoma zile kurasa amesimama juani, kofia mkononi, akasahau kuivaa. Wanatafuta msaidizi wa kazi ya kuku, na amemwita aende kuonyesha alichofanya. Shule yake ilikatwa na vita, cheti hana. Ana daftari hilo tu. Nawe ukataka nilifunge nimpe karani.

Daftari haliji.

Nilitaka kuchana kurasa zako nikutumie, uwashie moto wa chai. Zaina akashika mkono wangu. «Daftari haichanwe, mama. Hata uongo yake inabaki, batu baone tulitoka wapi.» Akakaa akazinakili zote kwa ajili yako, kwa mwandiko ule ule mzuri uliokuwa unaupenda, bila kuongeza wala kupunguza, namba zako zote za kichwani. Ziko ndani ya barua hii. Waonyeshe wakubwa wako. Mwisho wa ukurasa wa mwisho ameweka mstari mmoja, kwa sababu hajui kuacha kazi bila ukweli wake: «Kuku wa chumba cha pili walilishwa na mama. Uzito wa kweli uko Yangambi, kwa Zaina.»

Nimekaa nikafikiri, ulitugawa kama mzungu alivyogawa kuku. Wewe ukaenda na mawese yako huko mbele, sisi ukatuweka chumba cha pili, ukafunga mlango, ukangoja usikie tumeanguka. Sikulaumu tena kwa njaa ile. Ila ulisahau kazi ya wale wa chumba cha pili ni nini.

Nashona gauni la Zaina la Jumatatu, la rangi ya maziwa, na nikimaliza mkono wa kushoto nitakuwa nimemaliza pia kukufikiria. Kaa vizuri na pilipili yako.

Mimi, shahidi,
Mama Zaina