Programu ya Mwanawe Haikosei

Ngarenaro,
Arusha.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Lemburis,

Shikamoo. Habari za Leipzig? Wifi Anande na mtoto wenu Lucky hawajambo? Sisi tu wazima, ila baridi ya Juni inatung'ata kwelikweli.

Nyumbani Oldonyosambu mahindi yamekubali. Maziwa nayo ni mengi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ile programu uliyokiandikia kikundi cha maziwa ilianza kuchanganya majina. Maziwa ya mama yako, shangazi yangu, yakasomeka kwa jina la Mama yangu. Kwa kuwa Mama ndiye mpokeaji wa maziwa kituoni, shangazi akatamka mbele ya kikundi kizima kwamba wifi yake anamwibia. Mama alirudisha ufunguo wa kituo, na siku hizi hata kanisani anakaa benchi la nyuma. Inaniuma sana, kaka.

Basi nikaifungua programu yenyewe, uliyoiandika kwa ile lugha ya kompyuta ya Rust, ingawa ulinikataza kuigusa. Loo! Ndani ya struct moja, yaani fungu moja la taarifa, umeweka maandishi ya ujumbe wa mfugaji, na humohumo rejeo linaloelekeza kwenye jina lililo ndani ya maandishi hayo. Kompaila, inayokagua na kutafsiri programu, ilikukatalia, maana haikuona vipi rejeo litabaki salama muda wote wa uhai wake. Wewe ukaandika unsafe, neno la kukwepa ukaguzi wake, ukapita. Wafugaji walipoongezeka, orodha ikahamishiwa penye nafasi kubwa zaidi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Rejeo likabaki linaelekeza kule kwa zamani, ambako yameshaandikwa ya mtu mwingine.

Unakumbuka kifurushi ulichonitumia Kaloleni, kumbe nimeshahamia huku? Mpangaji mpya alikipokea, na koti langu analivaa mpaka leo. Ndivyo ilivyokuwa.

Nimeliondoa rejeo. Sasa struct inatunza maandishi na namba mbili: jina linapoanzia na linapoishia. Hata ikihamishwa, tunahesabu kutoka mwanzo wa maandishi yenyewe. Kompaila imekubali, unsafe haipo tena, na majina yametulia. Usinune. Haraka haraka haina baraka, ulinifundisha mwenyewe.

Nilimweleza shangazi yote haya. Akanikatiza: "Programu ya mwanangu haikosei." Ndiyo hivyo, anajivunia wewe, na Mama ndiye anayeaibika.

Mpigie mama yako umwambie ilikosea. Kisha mpigie Mama. Mimi usinijibu mpaka umalize simu hizo mbili.

Wasalimie sana Anande na Lucky. Bwana awalinde, nawe akupe ujasiri wa kushika simu.

Wako akupendaye, hata leo,
Naisula