Mistari Mitupu ya Kwamsisi

Shikamoo mjomba Awadhi,

Huku Handeni sijambo, ila jua linachoma. Asante sana kwa kunifundisha kompyuta.

Jana ofisini nilikuwa na jedwali la mavuno ya mahindi. Niliandika amri ya kufuta kila mstari usio na hesabu ya magunia, kisha nikakumbuka ulivyonikanya: "Kabla hujafuta patupu, pachungulie." Nikaichuja mistari hiyo peke yake. Karibu yote ni ya Kwamsisi, kwetu, ambako aliyekosa mavuno hatamki "sina". Hujibu "Alhamdulillahi", na karani anayeandikisha mavuno huacha nafasi ya magunia wazi.

Jina la mama limo. Nami nikimpigia simu hunijibu hivyo hivyo.

Kesho nampelekea unga. Mungu akuzidishie, mjomba. Ningemfuta dada yako kwa mkono wangu.

Mpwa wako,
Mashavu