Mama Ameutoa Mkwaju Wako Chunguni

S.L.P. 1187,
Chang'ombe,
Dodoma.
17 Novemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Castory,

Habari za huko Korea, na hiyo baridi unayosema inaingia mpaka kwenye mifupa? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo. Watoto wanasoma, shemeji yako Stanley bado na kiuno chake, na Mama yuko kwangu tangu Septemba kwa ajili ya matibabu ya macho. Mvua hatujaiona, ni upepo na vumbi tu.

Kaa chini ndipo uendelee kusoma. Nimeshindwa kukuambia kwenye simu. Ule mti wako mdogo ulioniachia haumo tena chunguni.

Naanza na kosa langu. Ulipouacha uliniandikia jina lake la kitaalamu, nami nikaona haya kuuliza. Nikaamini ni ua la ndani. Nikauweka sebuleni kando ya runinga, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Mwezi uliopita majani yakawa ya njano, yakapukutika mezani. Nilishtuka, maana najua uko nao tangu kidato cha kwanza, ulipokuwa bweni.

Nikaupeleka kwa Batholomeo, muuza miche wa Ihumwa, Mama akanisindikiza. Batholomeo alichuma jani moja akalitafuna, akanipa na mimi. Lilikuwa chachu. "Dada, huu ni mkwaju," akasema. "Mkwaju na sebule wapi na wapi?" Akakwaruza shina kwa ukucha, ndani bado kijani. Alisema ukae nje juani, maji upewe pale tu udongo unapokauka kina cha kidole, na matundu ya chini ya chungu yazibuliwe. Kwa furaha nikamsimulia jinsi ulivyoulea miaka kumi na mitano.

Hapo Mama ndipo aliposhtuka. Alikuwa akidhani ni mche wa juzi, na kwetu Mtera mkwaju wa umri huo unatia kivuli zizi. Aliuliza mara mbili, "Mkwaju? Miaka kumi na mitano?" Kisha akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Jumatano ya wiki iliyopita nilitoka kazini nikakuta chungu kimeoshwa, kimefudikizwa kando ya bomba. Mti uko ardhini karibu na ukuta, umetiwa samadi, umezungushiwa mawe, na zile nyaya zako za kupindia matawi zote zimekatwa. Nilimfokea Mama. Sijawahi kumfokea tangu nizaliwe, na mpaka leo naona aibu.

Hakukasirika. Alisema, "Nilimlea mmoja aliyegoma kukua. Miaka miwili, kilo saba. Kila mwezi nesi ananitazama kana kwamba namnyima chakula. Nilikuwa natembea naye mgongoni mpaka bwawani kutafuta samaki wa kumsagia. Leo huyo huyo ndiye anayeunyima mti, makusudi, usikue?"

Huyo mmoja ni wewe. Ulikuwa unajua? Mimi miaka hiyo nilikuwa naishi kwa Shangazi Emiliana, hakuna aliyeniambia. Wewe unayeinama mlangoni kwangu ukiingia. Nilikaa juu ya ndoo nikashindwa hata kuvua viatu.

Baadaye nilimweleza kwamba si kuunyima, ni ufundi wa kuulea mti ubaki mdogo chunguni, kwamba unalishwa na kupunguzwa mizizi kwa kipimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuumwagilia.

Batholomeo anasema mvua zikianza mizizi itashuka, na hautarudi tena chunguni. Tuna kama wiki mbili. Tayari umechipua. Mti ni wako na uamuzi ni wako. Ila ukiamua ung'olewe, mpigie Mama umwambie kwa mdomo wako, maana mimi jembe hilo siwezi kulishika.

Stanley anakusalimu, na Shangazi Emiliana, na jirani yetu Anyesi, anayekuulizia kila Jumapili bila kuficha. Mungu akulinde uendako na urudipo. Mama naye anakusalimu sana. Anauliza kama huko unakula ukashiba.

Dada yako akupendaye, na anayeliogopa jibu lako,
Evelina