Nani Aliiba Mawe ya Mvua?

Arua, 3 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Habari za Midia? Goti linakuacha ulale? Mimi mzima, ila moyo umechafuka. Baba mkubwa Yakani amenikataza kuolewa na Lokule. Anasema zamani za kale, wakati wa ukame, babu wa kina Lokule aliiba mawe yetu ya mvua na babu zetu wakamuua. Damu ile inatuzuia kuoana.

Basi nimejifanya polisi wa kesi hii. Nicheke tu. Hadithi inasema babu huyo alishinda siku nzima amefungwa kamba, na alipouawa mvua ikanyesha. Lakini kwetu mawe makavu hayaleti mvua, lazima binti wa nyumba yetu ayapake mafuta ya simsim. Siku ile nani aliyapaka?

Mwanao, Peace

Midia, 17 Machi

Peace wangu,

Goti linauma, ila nashukuru bado natembea. Wenzako wakitaka kuolewa hushona nguo, wewe unahoji maiti!

Kuna jambo hawakukusimulia. Mzee wa nyumba yetu, mtunza mawe, alikuwa ameificha mvua kwa hasira, na watoto walikuwa wanakufa njaa. Endelea.

Shangazi yako

Arua, 24 Machi

Shangazi,

Salamu nyingi. Aliyefungwa kamba hawezi kupaka mawe, na mvua ilinyesha, basi aliyeyapaka ni binti wa kwetu. Binti wa yule mzee ndiye aliyeyachukua, ili watu wapone. Na babu wa Lokule bila shaka alijua, akafa bila kumtaja. Shangazi, mtu wa namna hiyo ananitisha kwa ukubwa wake, nasi tumemwita mwizi miaka yote. Lakini mawe yalikwenda wapi?

Mwanao, Peace

Midia, 21 Aprili

Mwanangu,

Mimi sijambo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa natafuta ujasiri.

Binti yule alimpa mawe mtoto wa kaka yake, naye akampa wa kaka yake, hadi yakanifikia mimi. Tuliapishwa kumwambia yule tu atakayegundua mwenyewe. Jana niliyapeleka kwenye kikao cha wazee, nikayafunua mbele ya watu wa Lokule, nikasema yote.  Hata mimi niliyeyatunza niliyaogopa.

Yakani alipiga magoti mbele ya baba yake Lokule. Akasema, "Sisi iliua mutu bure. Kama nyinyi bado nataka binti yetu, iko yenu."

 Yule mzee alilia, kisha akamshika Yakani mkono, akamwinua.

Njoo nyumbani, mwanangu, wanakuja kuposa.

Shangazi yako