Picha ya Ukuta Wangu

Mjukuu wangu Thandazile,

Kuku ametotoa saba. Jabhile, anayeniandikia, amefungua picha ya ukuta wangu uliyotuma, akatoa ndani yake vipimo vya sumu ya mgodi wenu. Nikamuuliza, "Vilijificha wapi?" Akacheka: "Ndani ya rangi, Gogo! Kila nukta imebadilishwa kidogo tu."

Ajabu! Lakini mjinga wewe, picha hiyohiyo uliibandika Fesibuku siku ya harusi. Walinzi wa mgodi wakizilinganisha hizo mbili, umekwisha. Sisi tulipofichiana habari kwenye michoro ya kuta, hatukurudia ukuta ambao Kaburu ameshauona.

Leo nimeupaka upya. Jabhile ameupiga picha, atakuletea mkononi. Ukishaficha vipimo vyako, ifute ile safi, wasipate ya kulinganisha. Kisha uje hai, nikuchinjie kuku.

Bibi yako, Gogo, mikono bado ina rangi,
MaSkosana